Maziwa ya Bulurumu

Hakuwa mtu wa kukuuliza habari. Ukikutana naye sokoni, kwenye njia ya reli, hata msibani, alikushika mkono, akaushikilia, kisha akakuuliza swali lake moja: kazini kwenu mnapewa nini? Mgeni alidhani anaulizwa mshahara, akaanza kujikunyata. Yeye alimkatiza. Mshahara hakutaka kuujua. Mshahara, alisema, ni siri ya mtu na mke wake, na mara nyingi hata mke hajui. Alichotaka kusikia ni vile vitu vingine: nyumba, kuni, sabuni, buti, chai ya saa nne, dawa, gari la kukurudisha nyumbani, kitambaa cha Krismasi. Mpaka leo nikisikia mtu amepata kazi, swali hilo hunijia mdomoni kabla ya pongezi, na hunikera kwamba ni lake.

Tulimwita Mwakilishi. Jina lake lilikuwepo, na msikitini kule Majengo nadhani walilitumia, lakini sisi wa kiwanda cha nguo hatukulihitaji. Alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi wa bulurumu, na alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja katika nyumba za kampuni, hapo Thika. Bulurumu ndivyo tulivyokiita chumba cha kwanza cha kiwanda, ambamo marobota ya pamba hufunguliwa na kupigwapigwa na mashine mpaka uchafu utoke. Na uchafu ukitoka huenda wapi? Huenda hewani, na kutoka hewani huenda kwa watu. Mume wangu alifanya kazi humo pamoja naye. Mimi nilikuwa upande wa kukunja vitambaa, ambako hewa ilikuwa safi na hawakutupa chochote cha ziada.

Nitasimulia habari zake kama nilivyomjua, lakini nisidanganye: kwa muda mrefu nilimwogopa mtu huyu. Kifua cha mume wangu kilikuwa mikononi mwake, na yeye hakujua, au alijua akajifanya hajui. Hilo sijalipatia jibu.

Kichwani alikuwa na Thika yote iliyopangwa kwa marupurupu. Kwenye mananasi ya kopo, alikuambia, wanapewa makopo yaliyobonyea, lakini maji ya nanasi yanawala vidole. Kwenye mikate wanapewa ile iliyoungua upande mmoja. Kwenye ngozi wanapewa buti nzuri kushinda za polisi, ila harufu unaenda nayo mpaka kanisani. Walimu wanapewa likizo, na likizo hailiwi. Mashamba ya kahawa ya kule Ruiru yanatoa chumba, kuni na unga, kwa hivyo mtu wa kahawa hafi njaa, lakini siku akigombana na nyapara analala nje na watoto. Askari jela alimpa alama nyingi sana: nyumba, sare, buti, hospitali. Tofauti yake na mfungwa, alisema, ni nani anashika funguo.

Alikuwa na rafiki mhudumu katika ile hoteli ya zamani karibu na maporomoko ya Chania. Jumapili alitembea mpaka huko, akasimama kwenye mlango wa jikoni, akarudi na habari: wiki hii wamepewa supu, wiki hii wamepewa kuku aliyeachwa na watalii. Lakini hakuwahi kuwaonea wivu. Watu wa hoteli hawana kliniki, alisema. Ukivunjika mguu pale unapelekwa nyumbani na sahani ya viazi.

Na sisi? Sisi tulikuwa juu ya orodha, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametupandisha. Nyumba tulikuwa nazo. Kliniki tulikuwa nayo, pamoja na nesi mmoja mkali. Kila mwisho wa mwezi tulipewa mche wa sabuni. Tena kampuni ilitoa jeneza na lori la kumpeleka marehemu kwao, hata kama kwao ni mbali kiasi gani. Hilo la jeneza alilipenda mno. Alilitaja mbele ya wageni, akiwa ameweka mikono nyuma, na ile kofia yake nyeupe imejaa vinyoya vya pamba. Sisi tukifa tunasafirishwa, alisema. Mimi nilikuwa nikisikia hivyo natazama chini, maana wakati huo mume wangu alikuwa ameanza kukohoa.

Hakuoa, au alioa zamani ikaisha, hatukuuliza. Alikuwa amemlea mpwa wake, binti mpole aliyefanya kazi ya kushona sare za shule. Siku moja kijana wa Githurai alikuja kumposa. Kijana mwenyewe alikuwa amevaa vizuri, kiatu kinang'aa, ameleta na sukari. Mwakilishi akaniita nikae kama shahidi wa upande wa wanawake. Akamwuliza lile swali lake.

"Mzee, mimi siko job ya mtu," kijana akasema. "Niko na stall yangu pale Githurai 45. Mambo ni poa tu."

"Nimesikia. Unapewa nini?"

"Si napewa pesa?"

"Pesa hata mwizi anapata," Mwakilishi akasema, akanigeukia mimi nimwongezee mgeni chai.

Alimkataa. Mtu asiye na nyumba ya kazi, asiye na kliniki, akiugua mke atakula nini? Binti alilia wiki nzima, kisha akaolewa na huyo huyo wa Githurai, na Mwakilishi alikaa kwenye harusi na uso wa mtu aliyefiwa. Nasema haya kwa sababu baadaye kijana huyo ndiye aliyempa pa kulala, nyumba za kazi zilipokwisha.

Lakini usidhani alikuwa mchoyo wa roho. Kulikuwa na mfanyakazi wa shamba la kahawa aliyefariki, ndugu ya mwenzetu wa kiwandani, nasi tukaenda Ruiru kumzika. Watu wanatoa pole, yeye anamwuliza mjane amepewa muda gani wa kukaa kwenye chumba. Wanawake tulimzomea kwa macho. Mjane akasema ameambiwa atoke mwisho wa wiki. Mwakilishi hakungoja chakula. Alienda moja kwa moja ofisini kwa meneja wa shamba, mtu asiyemjua, shamba asilokuwa na uhusiano nalo wowote, akakaa huko mpaka tukaanza kumtafuta. Aliporudi mjane alikuwa amepewa chumba mpaka msimu wa kuchuma uishe. Hakueleza alisema nini. Alikaa, akaomba maji, akayanywa polepole huku pumzi ikipiga filimbi kifuani mwake.

Nilisikia ile filimbi siku hiyo. Nikajua iko kwake pia, kama kwa mume wangu.

Sasa niseme maziwa. Bulurumu ilikuwa idara pekee iliyopewa maziwa, pakiti moja ya pembe tatu kwa kila mtu kila siku, kwa sababu ya vumbi. Watu waliamini maziwa huosha kifua. Nesi wa kliniki aliwahi kuwaambia kwamba maziwa huenda tumboni, na kifua ni chumba kingine, lakini nani alimsikiliza? Maziwa yalikuwa yamepiganiwa kabla hatujafika sisi, na mpiganaji alikuwa Mwakilishi. Mwanzoni kampuni ilitaka yanywewe palepale, mbele ya supavaisa, na soja wa getini alikuwa akipekua mifuko. Wanaume waliyaficha ndani ya ovaroli, yakapasuka, wakatoka getini wanachuruzika. Mwakilishi akagoma kwa ajili hiyo tena, mpaka wakaruhusiwa kwenda nayo nyumbani.

Basi tangu siku hiyo hakuna mtu wa bulurumu aliyekunywa maziwa yake. Yalienda kwa watoto na kwenye chai. Watoto wa bulurumu ungewajua kwa mashavu. Wake wa idara nyingine walituonea wivu, na waume zao walipanga foleni kuomba uhamisho. Ndiyo, waliomba kuingia kwenye vumbi. Kuna mtu wa karakana, fundi mzima mwenye spana zake, aliyempelekea Mwakilishi jogoo ili amwombee nafasi bulurumu. Mwakilishi alikataa jogoo, lakini nafasi alimtafutia. Huo ulikuwa wazimu wetu sote, na hakuna aliyeuita wazimu.

Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto wa kunywa. Njeri wangu alipozaliwa mimi sikuwa na maziwa ya kutosha, na mtoto akawa analia usiku kucha, na kuta za kampuni ni nyembamba. Asubuhi ya pili nikakuta pakiti mlangoni. Kesho yake nyingine. Hakubisha hodi hata mara moja. Iliendelea hivyo mpaka Njeri akaanza shule. Hata mwezi wa Ramadhani, anashinda kwenye vumbi lile koo limekauka, anatoka na pakiti baridi mkononi, na bado pakiti inakuja mlangoni kwetu na yeye anafuturu kwa chai ya rangi. Nilipojaribu kushukuru alisema ni haki ya kazi, kana kwamba Njeri naye ameandikwa bulurumu.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini haikuwa rahisi kumchukia. Nilijaribu.

Mambo yalibadilika alipokuja meneja mpya. Wakati huo mitumba ilikuwa imejaa kila barabara, na vitambaa vyetu vilikuwa vimelala stoo. Hata sisi wenyewe tulivaa mitumba tukienda kutengeneza nguo mpya. Meneja akaanza kupunguza. Chai ya saa nne ikaondoka, sabuni ikawa nusu mche. Mwakilishi akawa hapati usingizi. Namsikia upande wa pili wa ukuta anatembea. Alikuwa na tabia ya kukata mche wa sabuni kwa uzi wa kiwandani, vipande sawasawa kama mtu anayekata siagi, na kuwapa wafanyakazi wapya ambao hawajapata wao. Sabuni ilipokuwa nusu, aliendelea kukata, vipande vikawa vyembamba, na bado akagawa.

Kisha meneja akaleta pendekezo. Atafunga feni kubwa ya kuvuta vumbi bulurumu. Atatoa maski za kufunika pua. Na wale wanaokohoa sana atawahamishia upande wetu wa kukunja. Badala yake, maziwa yaishe. Mume wangu aliponiambia nilikuwa nakanda unga, na nilikaa chini na mikono yangu ile ile yenye unga. Niliona kama Mungu amepita. Nikamwuliza atahama lini. Akanitazama, akasema Mwakilishi ameitisha mkutano.

Mkutano ulifanywa Jumapili alasiri kwenye uwanja wa mpira nyuma ya nyumba. Bulurumu wote walikuja, na wake zao wakasimama pembeni. Mwakilishi alisimama katikati, amevaa ile ovaroli yake iliyopigwa pasi. Alizungumza taratibu, kwa sababu pumzi haikumruhusu kupaza sauti, na watu walinyamaza ili wamsikie, kwa hiyo udhaifu wake uligeuka nguvu.

"Feni itabaki ukutani," alisema. "Maski utaiacha getini. Maziwa ndiyo yanayovuka geti. Kitu kisichofika nyumbani si chako, ni cha kampuni."

Wakapiga makofi. Mimi sikuwa mtu wa bulurumu na sikuwa na ruhusa ya kusema, lakini miguu ilikuwa imeshaenda mbele.

"Maziwa wanakunywa watoto," nikasema. "Vumbi mnakula nyinyi. Hebu niambieni, nani ameoshwa kifua hapa?"

Mtu mmoja akakohoa, na mwenzake akamkanyaga mguu. Niliwaona wanawake wenzangu wanatikisa kichwa, kidogo tu, kukubali. Nadhani kwa dakika ile mambo yangeweza kugeuka. Mwakilishi akanitazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mama Njeri," akasema, "huyo Njeri amelelewa na nini?"

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha kupumua baada ya hofu. Mtoto alikuwa palepale, amenishika sketi, na mashavu yake. Wakaambiwa wanaotaka maziwa wainue mikono. Nilitafuta mkono wa mume wangu nikitumaini sitauona. Ulikuwa juu, pamoja na yote.

Meneja hakukata tamaa. Akaanza kuwaita mmoja mmoja wale wanaokohoa na kuwapa uhamisho kimyakimya. Mume wangu aliitwa. Aliporudi hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa amepewa mpaka asubuhi. Jioni hiyo Mwakilishi alibisha hodi, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akakaa kwenye kile kiti chetu kibovu. Nikapika chai, na nikaipika na yale maziwa, kwa makusudi, nikaweka mbele yake.

Alimweleza mume wangu jambo ambalo, nikiwa mkweli, lilikuwa na akili. Akihama yeye, kesho watahama wengine. Bulurumu ikibaki na watu wachache, meneja atauliza maziwa ya nini, na akishaondoa maziwa bila ugomvi ataondoa kliniki, kisha nyumba. Wote walikuwa wamefungwa kamba moja. Hakumtisha. Alimwomba, na nilikuwa sijawahi kumsikia akiomba.

"Na akifa?" nikauliza.

Nilidhani atataja jeneza na lori. Kama angelitaja, haki ya Mungu, ningemmwagia ile chai. Hakulitaja. Alitaka kujibu, kikohozi kikamshika, akainuka haraka, akatoka nje ili asikohoe ndani ya nyumba yangu. Tukamsikia huko nyuma, akijizuia, akishindwa. Alikaa huko kitambo. Mume wangu alikuwa ametazama kikombe.

"Hata yeye ni mgonjwa," nikamnong'oneza. "Unamfuata mgonjwa mwenzako wapi?"

"Yeye hajahama," mume wangu akasema.

Hapo nilijua nimeshindwa. Mwakilishi alikuwa hathubutu hata kwenda kliniki, maana nesi akishaandika kwamba kifua kimekwisha, mtu hahamishwi tena, anatolewa kazini, na akitolewa kazini anatolewa nyumbani. Hakuwa akimwomba mume wangu abebe mzigo ambao yeye mwenyewe ameutua. Wanaume wanalipenda jambo hilo kuliko uhai. Asubuhi mume wangu alikataa uhamisho, akaingia bulurumu, na jioni pakiti zikawa mbili kama kawaida, ya kwake na ya mlangoni.

Tuliishi hivyo. Alfajiri kabla ya king'ora cha kiwanda, mume wangu alikohoa upande huu na Mwakilishi akakohoa upande ule, kama majirani wanaosalimiana. Mimi nimelala katikati ya vikohozi viwili nahesabu marupurupu: nyumba ninayo, dawa ya maji ya chungwa kutoka kliniki ninayo, maziwa ninayo.

Kiwanda kilipokufa hatukuambiwa na mtu. Tuliambiwa na kreti. Gari la maziwa lilikuwa likija asubuhi na kreti zake, na asubuhi moja halikuja. Wanaume wa bulurumu walisimama getini wakiangalia barabara, Mwakilishi mbele yao, mikono nyuma. Kesho yake halikuja. Alienda ofisini akarudi, akasema maziwa yamechelewa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema uongo, na alisema vibaya, kama mtu asiye na mazoezi. Haukupita muda mrefu mashine zikazimwa. Kliniki ikafungwa nesi akiwa ndani anafunga visanduku vyake. Tukapewa notisi ya kutoka kwenye nyumba.

Vyote vilivyokuwa vimevuka geti vikarudi ndani ya geti. Sisi tulihamia chumba kimoja mtaani Kiandutu, na mume wangu, ambaye alikuwa na mikono ya kubeba marobota, akawa hawezi kubeba mtungi wa maji kutoka bombani bila kupumzika njiani. Mwakilishi akaenda Ruiru kwa mpwa wake na yule kijana wa Githurai, ambao walikuwa wamehamia huko. Siku ya kuondoka alikuja na vipande vya sabuni vilivyofungwa kwa gazeti. Akanipa mimi, si mume wangu. Nilivipokea. Sikumwambia kwaheri, na yeye hakungoja.

Nilihangaika na vibarua, kufua nguo za watu, kuuza sukuma wiki, mpaka nikapata kazi kwenye shamba la maua upande wa Ruiru. Huko nilikuwa nakata na kufunga. Walitupa gumbuti, aproni na chakula cha mchana, githeri. Watu wa kunyunyizia dawa walikuwa kikosi chao peke yao, na siku moja supavaisa akasema kuna nafasi, tena wanachukua hata wanawake. Akasema wanaonyunyizia wanapewa maziwa.

Sitaeleza vizuri kilichonipata. Nilisikia furaha kwanza. Nilimwona akilini mume wangu anakunywa tena chai yenye maziwa. Hofu ilikuja baadaye, ikiwa ndogo, na nikaisukuma kando. Nikasema nitaanza kesho. Jioni ile, badala ya kwenda nyumbani moja kwa moja, nikakata kona kuelekea mjini Ruiru, kwa sababu nilikuwa nimesikia Mwakilishi ni soja kwenye yadi ya mbao, na nilitaka asikie. Kwa nini nilitaka asikie? Labda nilitaka anipongeze. Labda nilitaka kumwumiza. Mpaka nafika getini nilikuwa sijaamua.

Nilimkuta ameketi kwenye gogo, amefunikwa na vumbi la mbao. Mtu huyu na vumbi, nikasema moyoni. Alikuwa amekonda, kofia imekuwa kubwa. Alinijua. Alinishika mkono, akaushikilia, nikasikia ile filimbi ya kifuani, sasa haijifichi tena. Aliuliza hali ya mume wangu, nikamwambia ukweli wote, bila kuupunguza, naye akausikiliza wote. Kisha, maana alikuwa ni yeye, akauliza.

"Huko kwa maua mnapewa nini?"

Nikamwambia gumbuti, aproni, githeri. Akaitikia kwa kichwa kila kimoja. Nikamwambia kuanzia kesho nitakuwa kwenye kunyunyizia dawa, na wanaonyunyizia wanapewa maziwa, pakiti moja kila siku, na yanaruhusiwa kwenda nyumbani.

Nilingoja uso wake ung'ae. Haukung'aa. Mkono wake ulikaza kwenye mkono wangu.

"Wanawapa maski?" akauliza.

Nilisikia hasira yangu yote ya miaka ile ikipanda, ya uwanjani, ya ile chai, ya mikono iliyoinuliwa. Nilikuwa nimeihifadhi vizuri kuliko nilivyodhani.

"Maski haifiki nyumbani," nikamwambia. "Si ndiyo ulitufundisha?"

Lori lilikuja kutaka kuingia, likapiga honi, na hakulisikia, au alilisikia akaliacha. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hakuyafuta.

"Haifiki," akasema. "Ukiivaa, wewe ndiye utafika, Mama Njeri."

Akaniachia mkono, akainuka kwa kujishikilia kwenye nguzo, akaenda kufungua geti. Lilikuwa geti zito, na alilisukuma kwa bega, akipumzika katikati. Nilitaka kumsaidia na nilitaka kuondoka. Nikaenda nikashika upande wa pili, tukalisukuma pamoja, lori likaingia. Sikuwahi kumwona baada ya hapo.

Asubuhi supavaisa alinionyesha kreti ya maziwa kabla ya kunionyesha pampu. Nikamwuliza maski ziko wapi. Akasema zimeagizwa. Nikamwambia basi nitaanza siku zitakapokuja, na kwa leo anirudishe kwenye kukata. Alishangaa, akaniambia kuna wanawake wengi getini wanaotaka nafasi hiyo. Nilijua wako. Niliwaona nikipita, na mmoja alikuwa na mtoto mgongoni.

Jioni niliingia nyumbani mikono mitupu. Mume wangu alikuwa ameinjika chai na kuacha sufuria nusu, kubakisha nafasi ya maziwa, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi. Alitazama mfuko wangu. Akauliza maziwa yako wapi.

"Sina," nikamwambia. "Lakini nimefika."

Alinitazama kidogo. Kisha akaongeza maji na majani, tukainywa hivyo hivyo, turungi.